Dawa Tunazotumia na Alama Zake Katika Ngozi na Nywele

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu mmoja, mfamasia mstaafu, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliponiandikia barua ya kuniomba nizungumze, ilisema nichague jambo lolote litakalowafaa wazee na vijana kwa pamoja. Si kazi rahisi. Wazee wanataka kusikia habari za presha na tezi dume. Vijana wanataka kusikia habari za ndevu na chunusi. Lakini nimekaa nyuma ya dirisha la dawa la hospitali kwa miaka 34, na liko swali moja nililoulizwa na wote, wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume: "Hiki kilichonitokea mwilini ni nini?" Wengine waliuliza huku wakikunja mkono wa shati, wengine wakivua kofia. Nitajaribu kulijibu kadiri nusu saa niliyopewa itakavyoruhusu.

Wenzangu tuliovuka miaka 50 hatuwezi kuisahau klorokwini. Mtu mzima akiugua malaria alipewa vidonge 10 katika siku tatu: vinne, vinne, kisha viwili. Homa ilishuka, naam, lakini usiku wake mwili mzima uliwasha kana kwamba mtu amevalishwa shati la upupu. Kichwani, viganjani, nyayoni. Ukiitazama ngozi huoni hata kipele kimoja. Wako waliotupa vidonge vilivyobaki kwa sababu hiyo, wakaona heri malaria. Jambo la ajabu ni kwamba kuwashwa huko kuliwapata zaidi Waafrika weusi. Wazungu waliomeza vidonge vile vile kwa kawaida hawakujua tunalalamika nini. Tanzania iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, si kwa ajili ya kuwasha, bali kwa sababu vijidudu vilikwisha izoea.

Nimeitaja kwa sababu mbili. Kwanza, dawa ikishamezwa haiendi mahali pamoja. Wewe umeimeza kwa ajili ya homa, lakini damu inaibeba hadi kwenye unyayo na kwenye shina la unywele. Pili, watu wawili wanaweza kumeza kidonge kile kile, mmoja akalala usingizi mnono, mwingine akajikuna hadi alfajiri, na wote wawili wakawa wamepewa dawa sahihi kwa kipimo sahihi.

Sasa nitasema jambo lenyewe nililokuja kulisema. Ngozi au nywele zikibadilika ghafla, swali la kwanza si "nipake nini?" Swali la kwanza ni "nimeingiza nini mwilini, au nimepaka nini, katika wiki na miezi iliyopita?" Shida ni kwamba watu wengi hujibu, "Mimi situmii dawa yoyote." Mimi sikuwa nikiridhika na jibu hilo. Nilikuwa nikiuliza tena polepole. Basi utasikia: kidonge cha kichwa kila Jumatatu, Septrin mbili alizopewa na jirani tumbo lilipochafuka, vidonge vya vitamini vilivyoletwa na shemeji kutoka ng'ambo, mafuta ya mke yaliyoko bafuni, unga wa kujenga misuli anaoukoroga kwenye maziwa. Vyote hivyo, kwa hesabu yake, si dawa. Ngozi haijui hesabu hiyo.

Niwape mfano wa dereva mmoja wa lori, aliyekuwa akisafiri kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mtu mtaratibu, mwenye mke na watoto watatu. Kila baada ya safari mbili au tatu alirudi nyumbani akiwa na kidonda sehemu za siri. Mkewe, kama mke yeyote mwenye akili, alifikia uamuzi wake. Yule bwana aliapa kwa kila kitu kitakatifu. Alipimwa kaswende, hana. Akatibiwa hata hivyo, mara moja, mara mbili. Kidonda kilipona, kikaacha doa jeusi la mviringo kama sarafu, kisha safari nyingine kikarudi pale pale, hata upana wa unywele hakikuhama. Alipofika dirishani kwangu na cheti cha tatu, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kaa kikao, na mke alikuwa amefunga mizigo.

Nilimwuliza akiwa njiani anakula nini na anameza nini. Akacheka, akasema chakula cha barabarani kinamharibu tumbo, kwa hiyo hubeba Septrin, na akihisi tumbo linaunguruma hutafuna mbili. "Hiyo si dawa, ni kinga tu," akaniambia. Nilimrudisha kwa daktari na maelezo hayo, na daktari akalitambua jambo lenyewe mara moja. Iko aina ya mzio ambamo ngozi huchagua mahali pake pamoja, au machache, na kila dawa ile inaporudi mwilini, pale pale huwaka moto ndani ya saa chache, hututumka, pengine hutoa lengelenge, kisha hupoa na kuacha weusi. Dawa ikirudi, doa linaamka. Mahali panapopendwa ni midomo, mikono na sehemu za siri. Dawa zinazofanya hivyo mara nyingi ni zile za salfa kama Septrin, na tetrasaiklini, na dawa za maumivu kama ibuprofeni. Lakini hata Panadol imewahi kushikwa na kosa hilo. Bwana yule aliacha Septrin. Doa lilififia kwa miezi mingi, kidonda hakikurudi tena. Mkewe alikuja mwenyewe dirishani, si kunishukuru, bali kunihoji kama kweli jambo hilo lipo au nimepanga na mumewe. Nilimwonyesha kitabu.

Vijana, nimewaona wengine mnagusa midomo. Doa jeusi mdomoni lina sababu nyingi, msiogope. Lakini kama lako huwaka na kututumka kila unapomeza dawa fulani, hiyo dawa si rafiki yako, na jina lake ulijue kama unavyolijua jina la mama yako.

Hayo ni mambo yanayovunja ndoa. Yako yanayoua, na hapo nitatumia muda kidogo zaidi.

Mwaka 1922 madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, waliandika habari za wavulana wawili waliopata homa, macho mekundu yenye usaha, vidonda vinywani na vipele mwili mzima. Ugonjwa ukachukua majina yao. Leo tunajua kwamba kwa sehemu kubwa chanzo chake ni dawa. Huanza kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu mtu aanze dawa mpya. Kwanza ni homa na koo, kama mafua. Kisha macho yanachoma, midomo inachubuka, mate hayamezeki. Kisha ngozi inatoa mabaka meusi au mekundu yanayouma, malengelenge, na mwisho inabanduka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Ikibanduka sehemu ndogo, chini ya moja ya kumi ya mwili, karibu mgonjwa mmoja katika kila kumi anaweza kufa. Ikipita theluthi moja, hatari hufika mtu mmoja kati ya watatu, au zaidi. Na anayepona anaweza kubaki na makovu ya macho maisha yake yote.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili ni za salfa. Baadhi ya dawa za kifafa, yaani kabamazepini, fenitoini, fenobabito na lamotrijini. Alopurinoli wanayopewa wazee wa jongo. Na nevirapini iliyotumika miaka mingi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Hiyo nevirapini ndiyo maana ilianzishwa kwa nusu ya kipimo katika siku 14 za kwanza: ili ngozi ipewe nafasi ya kusema kabla kipimo hakijatimia.

Namkumbuka kijana wa kidato cha pili, si wa shule hii, aliyeanzishiwa kabamazepini kwa ajili ya kifafa. Wazazi wake waliambiwa, na ni kweli, kwamba dawa ya kifafa haikatizwi hata siku moja. Wiki ya tatu kijana akapata homa na macho mekundu. Jirani akasema ni surua. Siku mbili baadaye midomo ikawa kidonda kitupu, na ngozi ya mgongoni ikaanza kuteleza ikiguswa. Hapo ukoo ukagawanyika. Upande mmoja ulisema mtoto amechomwa kwa uchawi, maana moto haukuonekana na aliungua. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa. Na katika siku zote hizo mama yake, mwanamke mwaminifu kuliko wengi niliowaona, alimpa kidonge asubuhi na jioni bila kukosa, akikisaga na kukichanganya na uji kwa kuwa hakuweza kumeza. Alifika hospitali siku ya sita. Kijana aliishi. Jicho la kushoto halikurudi.

Sikueleza habari hii ili mtupe dawa. Huyo mama hakukosa kitu katika yale aliyoambiwa. Alilokosa ni sentensi moja ambayo haikusemwa. Nami nawaambia ninyi sentensi hiyo. Kuwashwa tu, au vipele vichache visivyo na homa, usiache dawa ya kifafa, ya kifua kikuu au ya virusi kwa uamuzi wako. Nenda siku hiyo hiyo ukaulize. Lakini homa, pamoja na vidonda vya mdomo au macho kuchoma, pamoja na ngozi kuuma au kutoa malengelenge, mtu akiwa kwenye dawa aliyoianza wiki chache zilizopita: hapo usimeze kidonge kingine, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na pakiti uwe nayo mkononi.

Nchi zetu zina historia yake katika hili, na haisemwi mara nyingi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu Tanzania na Kenya walitibiwa kwa vidonge vyenye thiasetazoni, kwa kuwa ilikuwa rahisi mno kwa bei. Ilifanya kazi yake. Kisha UKIMWI ukaingia, na wauguzi wa wodi za kifua wakaanza kuona ngozi zinabanduka. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wenye virusi, karibu mmoja kati ya watano alipata madhara ya ngozi kwa dawa hiyo, na kwa wasio na virusi yalikuwa nadra sana. Baadaye dawa ile iliondolewa na ethambutoli ikashika nafasi yake. Hali kadhalika Fansidar: mwaka 1985 Marekani iliwaonya wasafiri wake waliokuwa wakiimeza kila wiki kama kinga, baada ya vifo vya namna hii niliyoieleza. Hapa kwetu ilipofanywa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, hofu ilitapakaa mitaani kuliko ukubwa wa hatari yenyewe, kwa maana dozi moja ya matibabu si sawa na kuimeza wiki hata wiki. Dawa zile zile zimeendelea kuwakinga akina mama wajawazito na watoto walio tumboni. Msiondoke hapa mkawatisha wake zenu na mabinti zenu.

Si kila alama ya dawa ni mzio. Nyingine ni rangi tu. Klofazimini, iliyoingia katika matibabu ya pamoja ya ukoma yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1982, huifanya ngozi kuwa nyekundu ya kahawia na baadaye nyeusi, na huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kufifia baada ya kumaliza. Haimdhuru mtu. Lakini fikirini: mgonjwa anatibiwa ugonjwa ambao watu wanaunyanyapaa, na dawa inamtangaza usoni kabla hajafungua mdomo. Wako waliozificha dawa hizo chini ya godoro. Mganga aliyewaambia mapema kwamba watakuwa weusi, na kwamba weusi utaondoka, aliwaponya wengi kuliko aliyewapa pakiti akanyamaza.

Nije kwenye nywele, maana naona vichwa kadhaa hapa mbele ambavyo mwaka tulipomaliza vilikuwa na msitu.

Unywele wa kichwani huota kwa miaka miwili hadi sita, ukirefuka kama sentimita moja kwa mwezi. Kisha hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi, halafu hudondoka na mwingine kushika mahali pake. Wakati wowote ule karibu nywele tisa katika kila kumi zinaota na moja inapumzika, na kudondoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Homa kali, uzazi, upasuaji, au dawa fulani, huweza kuzipeleka nywele nyingi kupumzika kwa mara moja. Matokeo yake hayaonekani siku hiyo. Yanaonekana miezi miwili, mitatu au minne baadaye, nywele zinapotoka kwa konzi kwenye kitana. Ndiyo maana mtu hulaumu kitu kisichohusika. Dada mmoja alibadili msusi mara tatu na mafuta mara nne kwa sababu nywele zilimtoka mwezi wa nane. Kumbe mwezi wa tano alianzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Baadhi ya dawa za presha zenye jina linaloishia kwa "loli", kama propranololi, na dawa ya kifafa iitwayo valproeti, zinaweza kufanya vivyo hivyo. Nywele hizo kwa kawaida hurudi. Za kansa ni habari nyingine: zenyewe huzikata nywele zikiwa bado zinaota, na kichwa huwa cheupe ndani ya wiki mbili au tatu. Hizo nazo hurudi kwa walio wengi, wakati mwingine zikiwa na mkunjo usio wao.

Tena ziko dawa zinazootesha. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha ngumu, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1979. Waliotumia wakaanza kuota nywele mahali ambapo hawakuziomba, akina mama wakiwemo, mashavuni na mikononi. Wenye kiwanda si wajinga. Mwaka 1988 ikaruhusiwa kama maji ya kupaka kwenye upara. Leo vijana wa mjini wanaipaka kidevuni kutafuta ndevu. Nimeulizwa habari hiyo hata asubuhi hii, getini. Jibu langu: iliandaliwa kwa ajili ya kichwa, kipande cha ngozi kilichochubuka huinyonya zaidi, mwanzoni inaweza kuangusha nywele kabla ya kuotesha, na mara nyingi kilichooteshwa huondoka ukiacha kupaka. Moyo ukidunda kwa kasi au kichwa kikizunguka baada ya kuipaka, acha. Na mwenye umri wa miaka 16 ambaye hana ndevu hana ugonjwa wowote. Baba yako alizipata akiwa na miaka 22, mwulize.

Kwa wazee wenzangu: finasteridi mnayopewa kwa ajili ya tezi dume kwa kipimo cha miligramu 5, kwa kipimo cha miligramu 1 ndiyo dawa ya upara. Kwa hiyo ukiona vinyweleo vinarejea utosini, usiende kutoa sadaka. Ila vidonge vilivyovunjika visishikwe na mama mjamzito, maana vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Sasa hivi virutubisho vya nyongeza, ambavyo watu huvitetea kuliko dini. "Ni vitamini tu, Ndugu, vitamini haimdhuru mtu." Hapo ndipo tunapokosea. Vitamini A ikizidi mwilini hukausha ngozi, hupasua midomo na huangusha nywele, yaani huleta kile kile ambacho mtu aliinunua ili kukiondoa. Na kwa mjamzito huweza kumharibu mtoto. Seleniamu mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 kwa siku. Mwaka 2008 huko Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilichoandikwa kwenye lebo kuwa na mikrogramu 200 kilipopimwa kilikutwa na 40,800. Watu 201 walipatikana wamedhurika, wengi wao wakipoteza nywele na kucha zikivunjika. Waliinunua kwa ajili ya afya njema, na waliinunua katika nchi yenye maabara. Mimi ninapoona kopo lisilo na jina la mtengenezaji linauzwa pamoja na chaja za simu, nafikiri habari hiyo.

Biotini ndiyo inayosifiwa zaidi kwa nywele na kucha. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku na chakula cha kawaida kinatosha. Vidonge vya nywele vina 5,000 au 10,000. Kwa asiyepungukiwa, uthibitisho kwamba vinaotesha nywele ni mdogo sana. Ubaya wake umejificha: huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, pamoja na vya tezi ya shingo na kile cha kutambua mshtuko wa moyo. Mamlaka ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2017. Maana yake, mzee anaweza kufika na maumivu ya kifua, kipimo kikasema moyo ni mzima, kumbe ni kidonge cha nywele kilichosema. Kwa hiyo ukitolewa damu, kitaje.

Na wale wa unga na sindano za misuli: unga wenyewe sina ugomvi mkubwa nao, ingawa wengine huwaletea chunusi. Sindano za homoni ya kiume ndizo zinazojaza chunusi mgongoni kama mawe ya mtoni, na kwa aliyezaliwa na upara katika ukoo wake, humfikisha kwenye upara kabla ya wakati wake.

Nimeuacha mkorogo mwisho, si kwa udogo wake. Msidhani ni wa akina mama tu. Nimeona wanaume wa kila kazi wakipaka, wengine bila kujua, kwa sababu walianza na krimu ya vipele vya ndevu wakaona uso umetakata.

Ndani ya mkorogo mara nyingi mna vitu vitatu, pamoja au kimoja kimoja. Kwanza ni steroidi kali, hasa klobetasoli. Hii ni dawa nzuri mno kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache, mahali padogo. Ikipakwa mwezi hadi mwezi huila ngozi unene wake: michirizi, mishipa kuonekana, chunusi, nywele mashavuni kwa wanawake, kidonda kisichopona. Ikipakwa mwili mzima huingia kwenye damu na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, ambazo kazi yake ni kuutetea mwili wakati wa ugonjwa. Na ukijaribu kuacha, uso unawaka moto, kwa hiyo unairudia. Tena ukiipaka kwenye choa, kuwasha kunatulia na fangasi anashangilia. Analala chini ya krimu na kutambaa hadi anafika kiunoni, akiwa hatambuliki tena kwa sura. Nyie wa mabweni mnaoazimana mirija ya krimu, habari hiyo ni yenu.

Pili ni haidrokwinoni. Ikitumika kwa miaka huleta kinyume chake: weusi wa buluu, mgumu, mashavuni na kwenye paji, usioondolewa na chochote. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Tatu ni zebaki, na hii haiishii kwenye ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizuia vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata hicho kidogo kiondolewe ifikapo 2025. Karatasi zote hizo ni nzuri. Kopo hata hivyo linapita mpakani chini ya kiti cha basi, na kwenye lebo zebaki huandikwa Hg, au calomel, au haiandikwi kabisa.

Aliyekwisha kuzoea mkorogo asiache kwa siku moja peke yake na kwa aibu. Aende kwa wataalamu wa ngozi, na tunao. Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha watu wa kazi hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake mtawakuta hata katika hospitali za mikoa.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa umoja huu, na ningependa lipigiwe kura kabla ya taarifa ya mweka hazina. Zahanati ya shule inunuliwe daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila kijana anayeripoti kidato cha kwanza aandikwe humo: dawa gani imewahi kumdhuru, ilimfanya nini, mwaka gani. Akipata madhara akiwa hapa, yaandikwe siku hiyo hiyo, na mganga ajaze ile fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa na kuipeleka inakohusika. Na kila mmoja apewe kadi ndogo ya kuweka mfukoni yenye jina la dawa hiyo. Gharama ya daftari nimeiuliza. Haifiki hata nusu ya mchango wa soda za leo. Mimi nitatoa la kwanza.

Katibu ananionyesha saa. Wenye maswali ambayo hayafai kuulizwa mbele ya watu, nitakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya karakana hadi saa kumi. Njooni na makopo yenu.